Laptopu ya zamani kama akiba ya kompyuta ya mezani: kazi mbili kwa mashine moja

Kompyuta ya mezani ikigoma kuwaka, mwenye nayo hupatwa na hasara mbili kwa mpigo. Ya kwanza ni kukosa chombo cha kazi: hakuna pa kuandikia, pa kufungulia hesabu zinazosubiriwa, pa kujibu barua pepe ya leo. Ya pili ni ya vilivyomo ndani, yaani picha, mikataba, tasnifu, kazi za miaka. Hasara ya kwanza inalipika. Mashine itatengenezwa au itanunuliwa nyingine, na baada ya siku kadhaa mambo yatakaa sawa. Ya pili hailipiki kwa fedha yoyote kama hakukuwa na nakala.

Laptopu ya zamani iliyokaa kabatini inaweza kusaidia pande zote mbili, na ndiyo sababu wazo la kuigeuza akiba linawavutia wengi wasiotaka kutumia fedha nyingi. Ugumu unaanza pale ambapo masharti ya kazi hizo mbili yanavutana. Laptopu ya kushika zamu, yaani ya kufanya kazi badala ya kompyuta iliyokufa, inatakiwa iwashwe mara kwa mara, iwe imeshaingia kwenye akaunti zako, na ifanane na kompyuta ya mezani kadiri inavyowezekana. Laptopu ya kutunza nakala inatakiwa ikae kando, iguswe kidogo, na isiachiwe mlango ambao balaa lililoipata kompyuta ya mezani litapitia. Wengi hawachagui. Wanakopi mafaili siku moja, wanaifunga, wanaiita bekapu, na siku ya shida wanakuta nakala za mwaka juzi kwenye mashine ambayo hata barua pepe haiwezi kuifungua.

Msimamo wangu niuseme mapema. Laptopu ya zamani ni nzuri sana kwa kushika zamu, na ni ya wastani kwa kutunza nakala. Udhaifu wake katika kazi hiyo ya pili unarekebishika, ila lazima ujue unatoka wapi.

Laptopu ina nini ambacho kompyuta nyingine kuukuu haina

Kubwa ni betri. Umeme ukikatika, kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba ya umeme) huzimika papo hapo, na kama ilikuwa katikati ya kuandika kwenye diski, faili lililokuwa wazi linaweza kuharibika. Laptopu inaendelea. Hata betri iliyochoka, inayodumu dakika 15 tu, inatosha kuhifadhi kazi na kuizima mashine kwa utaratibu. Kwa mashine inayotunza nakala jambo hili lina uzito, kwa sababu umeme kukatika katikati ya kukopi ni njia mojawapo ya kupata nakala mbovu bila kujua. Kumbuka tu kwamba ruta za kawaida hazina betri, kwa hiyo intaneti itapotea hata kama laptopu inawaka. Ijaribu mapema kuiunganisha na intaneti ya simu yako.

Pia inakuja na skrini, kibodi na spika zake, hivyo huhitaji kung'oa chochote mezani ili kuiwasha. Na matumizi yake ya umeme ni madogo: laptopu isiyo na kazi nzito mara nyingi hula kati ya wati 10 na 20, wakati kompyuta ya mezani pamoja na skrini yake huweza kula mara kadhaa ya hapo ikiwa imetulia tu. Mashine inayowashwa kila usiku kupokea nakala haitaonekana sana kwenye bili.

Betri hiyohiyo, hata hivyo, ndiyo sehemu ya kuangaliwa kuliko zote. Betri ya lithiamu inayokaa kwenye chaja saa zote, imejaa asilimia 100 na ikiwa na joto, huchakaa haraka. Baadhi ya laptopu zina mpangilio wa kuizuia isijae kupita asilimia 80. Kama yako unao, uwashe. Halafu kuna suala la kuvimba. Ukiona padi ya kugusa imeinuka, kifuniko cha chini kimeachana, au mashine inayumba ikiwekwa juu ya meza tambarare, izime na uchomoe chaja siku hiyohiyo. Usiibonyeze betri irudi mahali pake na usiitoboe. Itolewe na fundi, ipelekwe panapopokelewa taka za betri. Laptopu nyingi hufanya kazi kwa chaja peke yake, ingawa utapoteza ile faida ya kuvumilia umeme kukatika. Nasisitiza hili kwa sababu mashine ya akiba ndiyo inayokaa miezi bila mtu kuitazama kwa makini, tena mara nyingi karibu na karatasi na nguo.

Kuipima kabla ya kuitegemea

Anza na diski. Laptopu za miaka ya nyuma zilikuwa na diski za kuzunguka, na diski iliyobebwa kwenye mikoba kwa miaka imekwishapata mishtuko yake. Kila diski hutunza kumbukumbu za afya yake, zinazoitwa SMART, na unaweza kuzisoma kwa programu ya CrystalDiskInfo kwenye Windows au smartctl kwenye Linux, mfumo endeshi usiolipiwa unaoweza kuchukua nafasi ya Windows. Tazama idadi ya sehemu zilizohamishwa baada ya kuharibika na idadi ya zile zinazosubiri kuhamishwa. Idadi hizo zikiwa sifuri ni habari njema, lakini si uhakika, kwa maana diski nyingine hufa bila kutoa dalili. Zikiwa zinaongezeka wiki hadi wiki, diski hiyo haifai kutunza hata picha moja.

Kwa kweli mimi ningeitoa hata kama ni nzima. Kama kuna fedha ya kitu kimoja tu cha kununua, kiwe SSD, yaani diski isiyo na sehemu zinazozunguka. Laptopu nyingi za kati ya 2008 na 2016 hupokea SSD ya SATA (aina ya kiunganishi cha diski) ya inchi 2.5 mahali pale pale ilipokaa diski ya zamani, kwa kufungua skrubu chache. Mashine iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuwaka huwaka kwa sekunde, na hakuna badiliko lingine la bei hiyo linaloipa laptopu kuukuu uhai kiasi hicho. RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine, inafuata. GB 4 zinatosha kuandika na kufungua kurasa chache za mtandao, na GB 8 zinakuwezesha kufanya kazi siku nzima bila kukereka. Angalia kwanza kama ni ya kizazi cha DDR3 au DDR4, maana hazichomeki kwenye nafasi moja, na kama laptopu yako ni nyembamba sana huenda RAM imechomelewa kwenye madabodi (ubao mkuu wa saketi) na haiongezeki.

Kuna betri nyingine ndogo inayosahauliwa, ile ya saa. Mara nyingi ni kidonge cha volti 3, aina ya CR2032. Ikifa, laptopu iliyokaa bila chaji huwaka ikidhani ni miaka mingi iliyopita. Matokeo yake hayafanani na tatizo la saa: kivinjari kinakataa kufungua tovuti karibu zote na kudai kwamba si salama, kwa sababu vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe na tarehe haziendani na saa ya mashine. Mtu anayehangaika na kompyuta ya mezani iliyokufa anaweza kupoteza nusu siku akidhani intaneti ndiyo mbovu.

Mfumo endeshi ni uamuzi mkubwa zaidi. Microsoft iliacha kutoa masasisho ya usalama ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa walioingia katika mpango wa nyongeza. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa kutoka orodha iliyoidhinishwa, ambayo kwa Intel huanza kwa sehemu kubwa na kizazi cha 8. Laptopu nyingi zinazostahili kuitwa za zamani hazimo. Zipo mbinu za kuilazimisha, lakini kwa mashine ya akiba sizipendekezi: akiba isitegemee mpangilio ambao sasisho lijalo linaweza kuukataa.

Linux ndiyo njia iliyo wazi. Linux Mint inamfaa aliyezoea Windows, na Lubuntu ni nyepesi kwa mashine dhaifu. Hakikisha prosesa ni ya biti 64. Matoleo makubwa yanaziacha zile za biti 32. Debian yenyewe, maarufu kwa kuvumilia mashine za kale, iliacha kutoa kisakinishi cha biti 32 kuanzia toleo la 13 la Agosti 2025. Kabla ya kusakinisha, iwashe Linux moja kwa moja kutoka kwenye flashi na ujaribu Wi-Fi, sauti na skrini ya nje. Kama Wi-Fi haishiki hapo, ni afadhali ujue leo.

Kushika zamu

Watu huogopa kwamba laptopu kuukuu itakuwa na mwendo wa kobe. Mwendo si kikwazo kikubwa kwa kazi nyingi za ofisini. Kinachokwamisha ni funguo.

Fikiria manenosiri yako yako wapi. Kama yamehifadhiwa kwenye kivinjari cha kompyuta ya mezani na hayasawazishwi popote, yamekufa nayo. Kama unatumia programu ya kutunza manenosiri, je, hifadhidata yake ipo pia kwenye laptopu? Benki, barua pepe na akaunti za kazi huuliza uthibitisho wa ziada zinapoona mashine ngeni, na wakati mwingine uthibitisho huo hutumwa kwenye mashine ile iliyozimika. Tiba ni moja: ingia kwenye kila akaunti muhimu kutoka kwenye laptopu sasa, wakati kompyuta ya mezani ni nzima, ukamilishe maswali yote ya usalama. Zile namba za dharura ambazo huduma nyingi hukupa za kutumia mara moja moja, zichapishe kwenye karatasi.

Ufunguo mmoja unahitaji kutajwa peke yake. Kompyuta nyingi za Windows siku hizi zina diski iliyofungwa kwa BitLocker au usimbaji wa kifaa, yaani iliyogeuzwa isisomeke bila ufunguo, mara nyingi bila mwenyewe kukumbuka kuuwasha. Kuanzia toleo la 24H2 la Windows 11, usimbaji huo huwashwa wenyewe kwa anayesakinisha upya na kuingia kwa akaunti ya Microsoft. Madabodi ikifa na diski ikahamishiwa mashine nyingine, utaulizwa ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Usipokuwa nao, mafaili yapo, mazima kabisa, na huyapati. Utafute leo kwenye akaunti yako ya Microsoft au kwenye mipangilio ya kompyuta, uuandike, uuweke mahali pengine. Hili peke yake lina thamani kuliko saa nyingi za kuisafisha laptopu.

Ukishakuwa na ufunguo huo, laptopu inapata uwezo mwingine mzuri: ya kuokoa diski iliyotoka kwenye kompyuta iliyokufa. Hitilafu nyingi za kompyuta ya mezani ni za kifaa cha umeme, madabodi au RAM, na diski hubaki salama. Adapta ya SATA kwenda USB inaiunganisha na laptopu ndani ya dakika. Diski ya inchi 2.5 na SSD hutosheka na umeme wa USB, lakini diski kubwa ya inchi 3.5 inataka volti 12, kwa hiyo nunua adapta yenye chaja yake. SSD za NVMe, zile nyembamba mithili ya kipande cha biskuti kirefu, zinataka kasha la aina yake. Kama laptopu ni ya Linux, huenda ikaifungua diski ya Windows kwa kusoma tu, kwa kuwa Windows haikuzimwa kikamilifu. Hiyo si hitilafu, na kwa kazi ya kuokoa ndiyo hali unayoitaka. Ila diski ikianza kugonga au kukwaruza, izime na uache kuijaribu. Kila jaribio linaweza kuongeza uharibifu.

Programu zenyewe hazihitaji kufanana zote. LibreOffice inafungua nyaraka nyingi za Word na Excel, ingawa mpangilio wa kurasa ngumu na makro huweza kuvurugika. Uhariri wa video na michoro mizito ya uhandisi usitegemee. Andika orodha fupi ya kazi ambazo huwezi kuzikosa kwa siku tatu, kisha hakikisha kila moja inafanyika kwenye laptopu kwa namna yoyote, hata kama ni kupitia kivinjari. Leseni za programu za kulipia zikague pia. Nyingine huruhusu mashine mbili, nyingine zinataka uiondoe kwanza ile ya zamani kwenye akaunti, jambo linalowezekana mtandaoni kwa baadhi yake tu.

Na achana kabisa na wazo la kuhamisha Windows nzima ya kompyuta ya mezani kwa kukopi diski yake kwenye laptopu. Inasikika kama njia ya mkato. Viendeshi vya vifaa ni tofauti, leseni ya Windows iliyokuja na kompyuta imefungwa na madabodi yake, na hata ikiwaka itakuwa na kasoro za kushangaza. Hamisha mafaili na mipangilio. Programu zisakinishwe upya.

Folda ya kazi za sasa, ile unayoigusa kila siku, ndiyo inayotakiwa iwe imesawazishwa muda wote. Syncthing inafanya hivyo kati ya mashine zako moja kwa moja, bila mafaili kukaa kwenye kompyuta ya kampuni yoyote. Huduma za hifadhi ya mtandaoni nazo zinafaa. Folda hiyo iwe ndogo. Picha za miaka kumi hazina sababu ya kufuatana nawe kwenye mashine ya zamu.

Jambo la mwisho katika kazi hii ni kuitumia. Laptopu iliyozimwa miezi minane itaamka na masasisho ya saa nzima, kivinjari kilichopitwa, na akaunti zilizokutoa nje. Chagua siku moja kila mwezi uiweke mezani, uichomeke kwenye skrini kubwa, kibodi na kipanya vya kompyuta ya mezani, ufanye kazi halisi ya siku hiyo. Mambo yanayokosekana yatajitokeza yenyewe: fonti ya barua za ofisi, kiendeshi cha printa, ile kebo ya skrini ambayo upande mmoja ni HDMI na laptopu ina VGA pekee.

Kutunza nakala, na kwa nini ni kugumu zaidi

Ile Syncthing niliyoisifu hapo juu haitoshi kuwa bekapu. Kusawazisha maana yake ni kufanya pande mbili zilingane. Ukifuta folda kimakosa upande mmoja, inafutwa na upande wa pili. Faili likiharibika, uharibifu unakopiwa. Nakala ya kweli inakuwezesha kurudi nyuma: hali ya jana, ya wiki iliyopita, ya mwezi uliopita, kabla kosa halijatokea. Makosa mengi hayaonekani siku hiyohiyo. Mtu huja kugundua kwamba sura moja ya tasnifu imefutika wiki tatu baadaye.

Kwa hiyo mashine ya nakala inahitaji programu inayotunza matoleo. Kwenye Linux kuna rsync, iliyoanza 1996 na inayotegemewa hadi leo. Ikipewa maagizo sahihi, hutengeneza folda mpya kwa kila siku ambayo inaonekana kama nakala kamili, huku mafaili yasiyobadilika yakitumia nafasi ileile ya diski bila kurudiwa. Programu ya rsnapshot inakupangia hayo yote. Borg na restic zinakwenda mbali zaidi, kwa kukata mafaili vipandevipande, kuhifadhi kila kipande mara moja tu, na kuvifunga kwa usimbaji. Kwa anayeanza, rsnapshot ina uzuri wa kwamba nakala zake ni folda za kawaida: unazifungua, unachukua faili lako, basi. Diski ya kupokea iwe na muundo wa Linux kama ext4. FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4, na exFAT haina uwezo wa kushirikisha nafasi ninaouzungumzia.

Swali linalopuuzwa zaidi ni hili: nani anapeleka na nani anachukua? Mpangilio wa kawaida ni kuweka folda ya pamoja kwenye laptopu, kisha kompyuta ya mezani ikaandika humo. Ni rahisi, na ni hatari. Virusi vya kuteka mafaili na kudai fidia vikiingia kwenye kompyuta ya mezani, vinaweza kuandika popote pale ambapo kompyuta hiyo ina ruhusa ya kuandika, na folda ya nakala ikiwemo. Utapoteza asili na nakala kwa saa moja.

Geuza mwelekeo. Kompyuta ya mezani iweke folda zake wazi kwa mtumiaji maalumu mwenye ruhusa ya kusoma tu, na laptopu ndiyo iende kuyachukua mafaili kwa saa iliyopangwa. Kompyuta ya mezani isiwe na nenosiri lolote la kuingilia laptopu. Hapo virusi vikiyafunga mafaili, laptopu itachukua matoleo yaliyofungwa kama toleo jipya la siku hiyo, lakini ya jana na ya juzi yatabaki kama yalivyokuwa. Na kama laptopu yako ni ya kale kiasi kwamba mtu anakushauri uwashe SMB toleo la 1, njia ya zamani ya Windows ya kushirikishana mafaili, ili mashine zisikilizane, usikubali. Ni kupitia udhaifu wa toleo hilo ambapo WannaCry, virusi vya kudai fidia, ilisambaa duniani mwezi Mei 2017.

Kasi ya kukopi huwasumbua watu bila sababu. Nakala ya kwanza tu ndiyo nzito. Tuseme una GB 200. Laptopu yenye mlango wa mtandao wa megabiti 100 hupitisha MB 11 hivi kwa sekunde, kwa hiyo itachukua saa tano. Mlango wa gigabiti moja, unaofikia MB 110 kwa sekunde, utamaliza kwa nusu saa hivi ikiwa diski zinahimili. USB 2.0 kwa uhalisia inatoa MB 30 hadi 40 kwa sekunde, yaani karibu saa moja na nusu. Wi-Fi ya laptopu kuukuu haitabiriki, kwa hiyo nakala ya kwanza ipitishe kwa kebo; kebo ya mtandao kutoka mashine moja hadi nyingine bila ruta inatosha mara nyingi. Baada ya hapo kila usiku yanapita mabadiliko tu, na hata Wi-Fi dhaifu inayaweza.

Tabia mbili za laptopu zinaharibu mpango huu kimyakimya. Ikifungwa kifuniko hulala, na ikilala haichukui nakala. Kwenye Linux nyingi hilo hurekebishwa katika faili la logind.conf, kwa kuiambia ipuuze kufungwa kwa kifuniko. Ukifanya hivyo usiiweke ndani ya mkoba au droo, kwani joto linahitaji pa kutokea. Pili, mafaili yaliyo wazi kwenye Windows, hasa yale makubwa ya barua pepe na hifadhidata za hesabu, huweza kuzuiwa yasisomwe. Zifunge programu hizo kabla ya saa ya nakala, na mara mojamoja soma ripoti ya programu kuona kilichorukwa.

Ukubwa wa diski ya ndani nao una kikomo. Laptopu yenye SSD ya GB 240 haiwezi kutunza miezi ya matoleo ya kompyuta yenye diski ya TB 2. Hapo inaingia diski ya nje ya USB. Kwa kutunza mambo muda mrefu bila umeme napendelea diski ya kuzunguka kuliko SSD, kwa kuwa SSD iliyoachwa bila umeme kwa muda mrefu, hasa iliyokwishatumika sana, inaweza kupoteza data.

Laptopu ikikaa chumba kimoja na kompyuta ya mezani, moto, mwizi au radi vinaweza kuzichukua zote kwa usiku mmoja. Kanuni ya 3-2-1 inayofuatwa na wataalamu wa hifadhi imetokana na hofu hiyo: nakala tatu za kila kitu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya jengo. Laptopu inahesabika kama nakala ya pili. Ya tatu lazima itoke kwingine. Na kwa kuwa laptopu huibika kwa urahisi kuliko mnara wa kompyuta ya mezani, funga diski yake yote kwa usimbaji wakati wa kusakinisha. Kwenye Linux ni kisanduku kimoja cha kuteua.

Ukitaka zote mbili

Inawezekana mashine moja ikabeba kazi zote, mradi utenganishe ndani yake kile kisichoweza kutenganishwa kwa nje. Tengeneza akaunti mbili za watumiaji. Moja ni ya zamu: ina kivinjari chako, barua pepe, folda iliyosawazishwa, na haina ruhusa ya kuandika kwenye folda ya nakala. Nyingine ni ya nakala: inaendesha rsnapshot usiku, inamiliki folda zote za matoleo, na haifunguliwi kwa kuvinjari wala kusoma barua pepe hata mara moja. Ukibofya kiambatisho kibaya ukiwa zamu, madhara yake yatakuwa na mipaka.

Mipaka hiyo si ukuta kamili, na hapo ndipo diski ya nje inapolipa gharama yake. Siku ile ya mwezi unayoitumia laptopu kwa kazi, ichomeke, uhamishie matoleo mapya, kisha kabla ya kuichomoa fanya jaribio: chagua faili moja la wiki iliyopita na jingine la miezi miwili nyuma, uyarejeshe kwenye folda tupu na uyafungue yote mawili, usome yaliyomo. Kuona jina la faili kwenye orodha hakutoshi, kwa sababu faili lenye jina sahihi na ukubwa wa sifuri nalo huonekana kwenye orodha. Yakifunguka, chomoa diski uipeleke inakokaa, nje ya jengo, pamoja na ile karatasi yenye namba za dharura ikiwa ndani ya bahasha. Ufunguo wa tarakimu 48 na nenosiri la usimbaji wa diski hiyo vikae mahali pa tatu, visisafiri nayo pamoja.